Michael Grzimek na Nyaya za Eropleni Yake

Wasomaji wa gazeti letu, katika toleo hili nataka kuwaandikia habari za kijana wa Kijerumani, marehemu Michael Grzimek, aliyefariki dunia katika nyanda za Serengeti tarehe 10 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 24. Watalii wanamjua, na mabwana wanyama wanamjua. Sisi wanafunzi wa Mara, ambao wengine wetu twalala usiku tukisikia fisi wa hifadhi wakilia, hatumjui sana. Habari zake zimekwisha kuandikwa mara nyingi na watu wapendao wanyama. Mimi nitazieleza kwa kufuata jambo moja ambalo waandishi hao hulipita upesi, nalo ni nyaya. Kazi iliyompa sifa aliifanya angani, akiiongoza eropleni ndogo kwa nyaya nyembamba za chuma, na siku nyaya hizo ziliposhikwa zisiende mbele wala nyuma, ndiyo siku aliyokufa. Nyaya za ukoo huo huo ndizo zilizomo leo katika mashine za kuvutia uzito ambazo baadhi ya vijana wa Tarime na Mugumu wameziweka nyumbani ili kujenga miili yao. Kwa hiyo habari hizi si za mbali kama mtu awezavyo kudhani.

Michael alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Dakta Bernhard Grzimek, alikuwa mganga wa mifugo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Dakta Grzimek alikabidhiwa bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt, ambayo wakati huo ilikuwa bustani kwa jina tu, maana mabomu yalikuwa yameigeuza magofu, na wanyama waliosalia walikuwa wachache mno. Michael alikuwa na miaka 11. Akakulia mle, kati ya vizimba vilivyokuwa vikijengwa upya, akazijua tabia za wanyama kwa kuwatazama kila siku. Kipaji chake hasa kilikuwa kamera ya sinema. Baba alikuwa mwandishi na msemaji, hata kuanzia mwaka 1956 akawa anazungumza na Wajerumani wote katika televisheni juu ya wanyama. Mwana alikuwa mwenye jicho.

Katikati ya miaka ya 1950 baba na mwana walisafiri mpaka Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, wakapiga picha za sinema kuonyesha jinsi wanyama pori wanavyozidi kukosa mahali pa kuishi. Sinema hiyo ilitolewa mwaka 1956 ikatuzwa katika maonyesho ya sinema ya Berlin. Michael alikuwa na umri wa miaka 22. Fedha zikaingia nyingi kuliko walivyotazamia, nao wakaamua kuzitumia katika jambo lile lile lililozileta. Shauri lao la kwanza lilikuwa kununua ardhi na kuitoa iwe hifadhi. Lakini Bwana Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwapa shauri jingine. Ardhi ilikuwapo tayari, aliwaambia. Kilichokosekana kilikuwa maarifa.

Maana yake ilikuwa hivi. Hifadhi ya Serengeti ilikuwa imetangazwa mwaka 1951, na ndani yake mlikuwa na kreta ya Ngorongoro na nyanda za mashariki ambako Wamaasai waliishi na kulisha ng'ombe wao. Serikali ya kikoloni ilikuwa katika mpango wa kuigawa hifadhi hiyo: upande wa mashariki utolewe, na upande wa kaskazini, kuelekea mpaka wa Kenya, uongezwe. Mtu akitaka kuchora mpaka wa wanyama ni lazima ajue kwanza wanyama hao ni wangapi, na kila mwezi wako wapi. Hakuna aliyejua. Nyumbu walisemwa kuwa wengi, na habari ikaishia hapo. Kuwahesabu kwa miguu au kwa gari katika nchi pana kama ile ni sawa na kuhesabu siafu njiani. Ilibaki njia ya angani.

Basi baba na mwana wakajifunza kurusha eropleni. Wakanunua moja aina ya Dornier Do 27, eropleni ya injini moja yenye mabawa yaliyokaa juu ya chumba cha abiria, ili mtu aweze kutazama chini bila kuzuiwa. Sifa yake ilikuwa kuruka polepole bila kuanguka, na kutua mahali pafupi pasipo na uwanja wa maana. Wakaipaka milia kama punda milia. Herufi zake za usajili zilikuwa D-ENTE, na ente kwa Kijerumani ni bata, kwa hiyo punda milia yule alikuwa pia bata. Desemba 1957 waliondoka Ulaya, wakavuka bahari ya Mediterania na kushuka kwa njia ya Nile mpaka Afrika Mashariki. Kwa marubani wageni wa kazi safari hiyo haikuwa mchezo.

Hapa inafaa nieleze jinsi eropleni ndogo za enzi zile zilivyoongozwa, maana bila hivyo mwisho wa habari hii hautaeleweka. Rubani hushika mkono wa usukani. Kutoka kwenye mkono huo nyaya za chuma hupita chini ya sakafu na ndani ya bodi, zikizunguka roda ndogo kila panapo kona, hata zifike mkiani na kwenye vibawa vidogo vilivyo ukingoni mwa kila bawa kwa nyuma. Rubani akiusukuma mkono kushoto, waya mmoja huvutwa na mwenzake hulegea, kibawa cha upande mmoja huinuka na cha pili hushuka, na eropleni nzima hulala upande. Hakuna umeme katika shughuli hiyo. Ni nguvu ya mkono wa mtu, na waya.

Waya wenyewe si kipande kimoja cha chuma. Namna inayotumika sana katika eropleni ndogo ina misokoto 7, na kila msokoto una nyuzi 19, jumla nyuzi 133. Sababu ya kuzifanya nyingi na nyembamba ni zile kona. Chukua kipande cha waya mnene wa seng'enge, ukikunje na kukikunjua mahali pamoja mara nyingi. Kitapata joto, kisha kitakatika mkononi mwako. Uzi mwembamba hustahimili kukunjwa mara maelfu, lakini nao huchoka. Huanza kukatika mmoja, kisha wa pili, na mahali pa kukatika ni pale waya unapopanda na kushuka kwenye roda, na pale unaposhikwa mwishoni. Katikati ya waya, mahali ambapo kila mtu hutazama kwa sababu panaonekana, mara nyingi hapana neno.

Kwa hiyo mafundi wa eropleni hawakagui waya kwa macho tu. Hupitisha kitambaa mwili mzima wa waya, polepole, kwa mkono uliokaza kidogo. Uzi uliokatika husimama kama mwiba wa mgunga na kukishika kitambaa. Nasema kitambaa wala si kidole, na aliyewahi kuchomwa na uzi wa chuma atanielewa. Hutazama kutu, hutazama kama roda inazunguka au imeganda huku waya ukiteleza juu yake, hutazama skrubu za kukazia kama zimefungwa zisijifungue zenyewe. Tena kabla ya kila safari rubani huusogeza usukani mpaka mwisho wa kila upande, huku akichungulia nje kuona kama vibawa vinatii, na kama vinatii upande unaotakiwa. Rubani mwenye akili hafanyi hivyo kwa kuzoea tu. Banagi hapakuwa na karakana ya eropleni, na kutoka Banagi mpaka kwa fundi ilikuwa safari.

Banagi ndipo walipofanya makao yao, kaskazini kidogo ya Seronera, mahali ambapo leo ni katika wilaya ya Serengeti. Palikuwa na kituo cha bwana mhifadhi wa upande wa magharibi, Bwana Myles Turner, nao wakasimamisha nyumba yao ndogo ya bati la alumini. Januari 1958 wakaanza kuhesabu. Walikata nchi yote kwa mistari ya sambamba, wakaifuata mmoja baada ya mwingine karibu na ardhi, rubani akishika mstari na wenzake wakihesabu wanyama upande huu na upande ule. Fikiria kazi hiyo. Jua la mchana hufanya hewa ipande kwa vishindo, eropleni inarushwa kama gari la ng'ombe kwenye mawe, na mtu hana ruhusa ya kutapika wala ya kusahau hesabu. Katika kuruka chini namna hiyo usukani haupumziki hata dakika moja, na nyaya zile huenda na kurudi juu ya roda zao mchana kutwa.

Hesabu ilipokwisha walikuwa na wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481, punda milia 57,199, na swala tomi pamoja na swala granti 194,654. Wataalamu wa baadaye, wenye kamera bora na hesabu za kisasa, waliona kuwa idadi hizo zilipungua kuliko wanyama waliokuwapo. Hilo si ajabu, na kwangu mimi haliwapunguzii heshima, kwa sababu kabla yao palikuwa na kubahatisha tu. Tena hawakutosheka na kuhesabu. Waliwakamata baadhi ya wanyama wakawavika mikanda ya rangi shingoni ili wawafuate waonekane wanaenda wapi, wakakusanya majani na udongo wa nyanda mbalimbali. Wakaona jambo ambalo lilikuwa zito kwa serikali: nyumbu hawakufuata mipaka iliyopendekezwa hata kidogo. Wakati wa mvua walikwenda kula majani mafupi ya mashariki, huko huko ambako ilikuwa kutolewa katika hifadhi.

Kuna waya mwingine katika habari za Michael, nao watu wa kwetu tunaujua zaidi. Alipokuwa akiruka juu ya mito na vichaka vya magharibi aliona mitego. Zamani wawindaji wa huku walitumia mishale yenye sumu na mashimo. Kisha waya wa chuma ukaingia, ukawa tanzi la shingo. Waya ule ule ambao sifa yake ni kutokatika, ukiwa katika mtego ni adhabu mbaya, kwa sababu nyumbu akivuta ndivyo unavyomkaza, na akifaulu kuung'oa huondoka nao ukizama katika nyama yake. Baba na mwana waliionyesha mitego hiyo katika sinema yao. Tangu mwaka 2017 kuna kikosi maalum ndani ya hifadhi cha kutegua mitego ya waya, kinachosaidiwa na shirika la wanyama la Frankfurt, lile lile ambalo Dakta Bernhard aliliongoza, na bado mitego inapatikana.

Lakini si haki kueleza hilo bila kueleza la pili. Sinema yao iliwaonyesha watu wa magharibi ya Serengeti kama majangili tu. Waikoma, Wanata na jirani zao walikuwa wawindaji tangu mababu, na hifadhi ilipokuja ndipo uwindaji wao ukaitwa wizi. Wamaasai nao walihamishwa kutoka Serengeti katika miaka hiyo hiyo. Michael na baba yake waliamini kwa moyo wote kwamba ndani ya hifadhi asikae mtu yeyote, awe mweusi au mweupe. Mimi nawaheshimu kwa kazi yao, na papo hapo nasema kwamba walihesabu wanyama kwa uangalifu mkubwa kuliko walivyowasikiliza watu.

Sasa nafika siku yenyewe. Jumamosi tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Kazi ya sinema ilikuwa karibu kwisha. Tumbusi alijigonga katika bawa la kulia la eropleni. Tumbusi wa Serengeti si ndege mdogo. Yule mkubwa wa kutaga katika majabali huweza kufikia kilo 7 au 8, na huruka juu sana, hata mmoja wa aina hiyo aligongana na eropleni ya abiria juu ya Afrika Magharibi mwaka 1973 ikiwa mita 11,300 kutoka usawa wa bahari. Wachunguzi wa ajali ya Michael waliona kuwa pigo lile lililibonyeza bawa, na bati lililobonyea likazibana nyaya za usukani zisiweze kutembea. Eropleni ikapinda, ikaelekeza pua chini, ikaanguka. Michael alikufa papo hapo. Aliacha mke.

Angalieni vizuri jambo hili. Waya haukukatika. Haukuwa na kutu, wala haukuchakaa, kwa jinsi habari zilivyotolewa. Ulikuwa mzima, ila njia yake iliharibika. Watu wengi, ukiwaambia kukagua waya, hufikiri juu ya kukatika tu, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea hapa Tarime mjini, naye ametengeneza mashine ya mazoezi uani kwake kwa vyuma vya mraba. Ina nguzo mbili, vyuma vya uzito vinavyopanda na kushuka katikati ya nguzo hizo, roda moja juu na nyingine chini, na waya uliofunikwa kwa plastiki. Vijana wa mtaa huja jioni kuvuta. Zamani mjomba aliwahi kuendesha winchi machimboni, na kutoka huko alikuja na desturi ya kitambaa: kila Jumamosi, kabla mtu hajagusa mashine, huushika waya na kuupapasa kutoka mwisho hadi mwisho, huku mtu mwingine akiinua vyuma kidogo kidogo ili ile sehemu iliyojificha ndani ya roda itoke nje. Waya wa plastiki una ujanja wake. Plastiki huulinda, lakini pia huficha maradhi. Kwa hiyo yeye hutafuta mahali palipopasuka, palipovimba kama mdudu ameingia ndani, palipokuwa pembamba kuliko pengine, au palipobadilika rangi kwa kutu iliyo chini. Akikiona kimojawapo, waya wote hutoka. Haufungwi fundo, hauungwi, hauzungushiwi gundi ya karatasi. Kijana mmoja alipendekeza waya wa klachi ya pikipiki kwa kuwa ni rahisi na unapatikana kila duka. Mjomba akamjibu kuwa klachi huvutwa kwa vidole vinne, na kwamba vyuma hivi vitamwangukia yeye mwenye rai hiyo.

Pamoja na uangalifu huo wote, jioni moja mwaka jana kijana alikuwa akivuta kilo 40. Akaachia ghafla, waya ukalegea, na ulipokaza tena haukurudi katika mfereji wa roda. Ulishuka pembeni, ukajibana kati ya roda na shavu lake la chuma. Vyuma vikabaki juu, vimening'inia, kimya. Yule kijana akainuka, akanyosha mkono chini ya vyuma ili avisukume juu kidogo. Mjomba alimpigia ukelele ambao nadhani walisikia mpaka stendi. Akaleta gogo na benchi, akazitia chini ya vyuma, ndipo akapanda na bisibisi kuugongagonga waya. Ulipoachia, vyuma viliangukia gogo kwa kishindo, na gogo likapasuka. Mkono wa yule kijana ungekuwa hapo. Waya ulipokaguliwa ulikuwa salama kabisa, isipokuwa plastiki yake ilikwaruzika. Kilichokosekana kilikuwa pini ndogo inayopita mbele ya roda kuzuia waya usiruke nje; ilikuwa imedondoka, na hakuna aliyejua siku gani.

Tangu hapo kitambaa kina wenzake. Mjomba huzungusha kila roda kwa kidole na kusikiliza. Huitikisa kushoto na kulia kuona kama imelegea katika pini yake. Hutazama kama mfereji umeliwa upande mmoja, maana hiyo ni dalili kwamba waya unaingia kwa mshazari. Huhakikisha pini za kuzuia zipo na zimefungwa. Kisha hutazama miisho ya waya. Pale waya unapokunjwa kuwa kitanzi na kushikwa kwa klipu za U, upande uliopinda wa klipu hukaa juu ya mkia mfupi wa waya, na kile kipande cha tandiko hukaa upande ule unaobeba uzito. Ukigeuza, unauponda upande wenye kazi. Hupangusa nguzo na kuzipaka mafuta kidogo, ili vyuma visikwame njiani, maana vyuma vikikwama juu na kuanguka ghafla, waya unaovidaka hubeba mzigo mkubwa kupita uzito ulioandikwa. Waya wenyewe wa plastiki haupaki mafuta. Mwishowe huvuta uzito mdogo mara tatu, pole pole, akiifuata safari ya waya kwa macho kutoka mkononi mpaka kwenye vyuma. Hilo la mwisho ndilo linalofanana hasa na rubani anayesogeza usukani kabla ya kuruka.

Wapo waliosema kuwa Michael alikuwa kijana asiyeogopa, kwamba aliruka chini mno na peke yake. Huenda alikuwa na ujasiri wa ziada. Asiye nao hawezi kazi ile. Lakini sioni haki kumlaumu kwa habari ya nyaya. Tumbusi hakaguliwi kwa kitambaa. Angeweza kuikagua eropleni asubuhi yote, na saa ile ingefika vile vile. Twaweza tu kutofautisha. Juu yake palikuwa na ndege ambaye hakuna aliyeweza kumpangia njia. Katika ua wa mjomba palikuwa na pini ambayo mtu yeyote angeweza kuiona kwa kuinua uso.

Michael alizikwa juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na juu ya kaburi likajengwa piramidi la mawe. Dakta Bernhard hakuacha kazi. Alikimaliza kitabu, kilichotoka mwaka ule ule wa 1959 kwa majina yao wote wawili, akaikamilisha na sinema, ambayo jina lake husema kwamba Serengeti haitakufa. Aprili 1960 sinema hiyo ilipata tuzo ya Oscar huko Marekani, katika kundi la sinema za mambo ya kweli. Mwenye jicho lililoipiga hakuwapo kuipokea.

Juu ya mpaka, serikali ilikuwa imekwisha amua. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa ikawa eneo lake lenyewe, ambamo Wamaasai waliruhusiwa kuishi na mifugo yao, na Serengeti ikapewa nchi ya kaskazini mpaka Kenya. Baadaye katika miaka ya 1960 ikaongezwa pembe ya Lamai, ng'ambo ya mto Mara, ambayo Wakurya tunaijua vizuri. Hesabu ya Michael haikuuzuia mgawanyo huo. Lakini ilianzisha desturi. Banagi pakajengwa maabara yenye jina lake, na kutoka hapo, mwaka 1966, likazaliwa shirika la utafiti wa Serengeti. Eropleni ndogo zimeendelea kuruka kwa mistari juu ya nyumbu tangu wakati huo. Kadiri maradhi ya sotoka yalivyokwisha, wahesabuji waliona idadi ikipanda, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja.

Dakta Bernhard aliishi miaka 28 baada ya mwanawe. Alifariki Frankfurt mwezi Machi 1987, na majivu yake yakaletwa Tanzania, yakazikwa kando ya Michael chini ya mawe yale yale, juu ya ukingo wa Ngorongoro.